Mashine Isiyouliza Hali

Roboti ilikuwa ikimbandua ngozi iliyokufa fundi mmoja wa kiwanda cha betri, mkono mzima, kutoka begani mpaka kwenye vidole, na fundi mwenyewe alikuwa akibishana na jirani yake wa kitanda kuhusu penalti. Alisema mwamuzi hakuona. Jirani akasema mwamuzi aliona vizuri sana. Kibanio chembamba cha roboti kilishuka, kikashika, kikavuta, na kipande kingine cha ngozi kikaangukia kwenye bakuli. Wageni walioletwa kutazama, watu wazima wenye vyeo vyao, waligeuza nyuso ukutani. Fundi aliwaona, akawacheka.

"Poleni," aliwaambia. "Mnaumia?"

Hilo ndilo lililoifanya Tabora ijulikane miaka ile. Treni za sumaku hata miji mingine ilikuwa nazo, na viwanda vya betri vilikuwa kila mahali. Lakini ni Tabora tu iliyokuwa na kinyamazishi, chombo kisichozidi ukubwa wa punje ya korosho, kilichopachikwa pembeni mwa uti wa mgongo wa mgonjwa. Maumivu yakianza safari ya kwenda ubongoni, kinyamazishi kiliyasikia njiani, kikadondosha tone la dawa, na maumivu yakanyamaza kabla mwenyewe hajajua kwamba yalikuwa yanakuja. Dawa yenyewe ilikuwa ya ukoo wa afyuni, ukoo ule ule wa mofini, iliyosafishwa na kusafishwa tena mpaka wataalamu wakaamini kwamba kilichobaki ndani yake ni wema mtupu. Wataalamu nao ni binadamu, huamini wanachokipenda.

Mhandisi Nyamizi Kapela, aliyekiunda chombo hicho, alikuwa amesimama nyuma ya wageni. Alikuwa amechoka. Maelezo yale ameshayatoa mara nyingi kiasi kwamba mdomo uliyasema wenyewe huku akili ikiwa ghorofa ya juu, alikolazwa baba yake.

"Na kinajuaje kiasi cha dawa?" aliuliza mgeni mmoja.

"Kinausikiliza mwili."

"Mgonjwa haulizwi?"

"Haulizwi," alisema Nyamizi, akawaeleza kwa nini, na wageni wakacheka kama wageni wote waliowatangulia.

Sababu ilikuwa hii. Chombo cha kwanza kabisa kilikuwa na sauti. Kilimuuliza mgonjwa: maumivu yako ni kiasi gani? Mtindo huo uliigwa kutoka nchi za mbali, ambako mtu akiulizwa hivyo hutaja namba. Huku kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwanza, halafu ndipo afikiri. Mwanamke mwenye mbavu zilizovunjika alijibu, sijambo. Dereva aliyekatwa mguu alijibu, namshukuru Mungu. Mzee mmoja aliyelowa jasho la uchungu aliiambia mashine, salama, sijui wewe, akanyamaza akisubiri nayo imjibu. Mashine ikahesabu kwamba watu wote hawa hawana shida, ikawanyima dawa.

Nyamizi na wenzake karakanani walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakaona si jambo la kuchekwa. Wao wenyewe walilelewa vivyo hivyo, mtu hamwagii mwenzake shida zake mlangoni. Basi wakaliondoa swali. Mwili hauna adabu, walisema, mwili unasema kweli. Chombo kipya hakikuwa na sauti wala sikio la maneno. Na kwa kuwa madaktari wa wakati ule walikuwa na mkono wa birika katika kutoa dawa za maumivu, walikifunga kabisa, asiwepo daktari wala muuguzi wa kukipunguza. Mwili ukilia, tone linaongezwa. Ukilia tena, linaongezwa tena. Hakuna kubembelezana.

Wageni walipiga makofi. Nyamizi aliwashukuru, akawaaga, akapanda juu.

Mzee Kapela alikuwa mchomeleaji wa reli enzi za ujana wake, na hata baada ya kustaafu hakukubali kukaa nyumbani. Alianguka kutoka kwenye nguzo ya treni ya sumaku akiwaonyesha mafundi wapya namna ya kushika chuma, akavunjika nyonga. Nyonga iliunganishwa, mfupa ukashika vizuri, kidonda kikafunga. Kwa hesabu ya mifupa, mzee alikuwa amepona siku nyingi. Lakini tangu masika yaliyopita maumivu yalikataa kukaa nyongani. Yalihamia mgongoni, yakapanda mabegani, yakafika kwenye ngozi ya uso. Sasa alilala bila shuka kwa sababu shuka lilimchoma. Feni ilizimwa kwa sababu upepo wake ulimchoma. Kinyamazishi kilidondosha dawa bila kupumzika, na wingi wa dawa ulikuwa umeanza kula pumzi zake. Alivuta hewa, akakaa kama mtu aliyesahau, kisha akavuta tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama tu. Tunamshukuru Mungu. Kazi zinakwendaje?"

"Zinakwenda."

Nyamizi alijua kwamba si salama, lakini jibu lile halikumsumbua. Ilikuwa miaka sasa tangu aache kutafuta hali ya mtu kwenye maneno yake. Alitazama kioo kilichokuwa ukutani, ambako kinyamazishi kilichora mstari wa maumivu, na chini yake mstari wa dawa. Yote miwili ilikuwa ikipanda. Pembeni kilitangaza kwamba kesho yake kitaingia daraja la mwisho la dawa. Juu ya hapo hakuna daraja jingine. Waliowahi kufikishwa hapo walikuwa wachache, na baadhi yao pumzi zilikatika kabisa, wakawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na hawakutoka humo. Nyamizi aliusoma mstari ule akajisemea kwamba ugonjwa wa baba yake unaendelea. Hakujua ni ugonjwa gani, na alikuwa akiogopa kuuliza.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi.

"Hee! Huyu bado yupo?" alisema aliyeingia. "Mimi nimewaambia nyumbani wasipike, nakwenda kula pilau la msiba, kumbe mwenye msiba amelala ananikodolea macho!"

Alikuwa Daktari Pazi, bingwa wa maumivu wa hospitali ile. Pazi alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani hapigi hodi, hasemi pole, na analolisema halina kesi. Mzee Kapela, ambaye asubuhi nzima hakuwa ameinua kope sawasawa, alifungua macho yote mawili.

"Pilau utapika wewe?" alisema. "Nyinyi mnajua kukuna nazi tu. Tena ondoka hapo, kivuli chako kinaninukia samaki."

"Kufa basi nikaoge."

"Nitakufa, usiwe na haraka. Si huyu binti yangu ananiua."

"Anakuuaje?"

"Kwa dawa yake. Ikidondoka napata raha ya kumeza mate mara moja. Halafu moto. Hapa, hapa, mpaka kwenye nywele. Wakiongeza dawa, na moto wanaongeza. Siku ile mafundi walipokizima kukikagua, nilitetemeka kama mwenye homa, lakini jioni nikavaa shati. Unasikia? Shati! Walipokiwasha tu, nikalivua."

"Si umwambie mwenyewe? Huyo amesimama hapo."

"Nimwambieje? Watu wanapanda treni kuja kumpigia makofi. Nimwambie mwanangu kazi yake mbovu? Wewe ndiyo wa kuambiwa, huna heshima ya kupoteza."

Akacheka, na kicheko kikamchoma, akafumba macho. Nyamizi alikuwa amecheka pia. Ndivyo watu wanavyofanya mbele ya watani, wanacheka, na yanayosemwa yanaachwa pale pale yalipodondoka. Ni Pazi ambaye hakucheka. Alimshika Nyamizi kiwiko, akamtoa nje.

"Mhandisi, umemsikia baba yako?"

"Nimesikia utani wenu."

"Wewe ni mwanawe, ataendelea kukujibu salama mpaka siku ya mwisho. Mimi ni mtani, hana sababu ya kunificha. Maneno ya pale ndani, ukiondoa yale ya samaki, ni maelezo ya mgonjwa. Na ni maelezo mazuri kuliko yote niliyoyapata mwaka huu."

Nyamizi alikunja mikono. "Unataka kusema nini, daktari?"

"Dawa za ukoo wa afyuni zina tabia moja. Imejulikana kabla mimi na wewe hatujazaliwa, ila ni kama tuliisahau. Zikikaa mwilini muda mrefu, kwa wingi, kuna watu mishipa yao ya fahamu inageuka. Uti wa mgongo kazi yake ni kusikia. Ukiuziba, unakaza kusikia, kama mtu aliyezibwa masikio. Unakaza, unakaza, mwisho hata mnong'ono unakuwa kelele. Shuka linakuwa moto."

"Huko ni kuzoea dawa. Tunakujua. Mwili ukizoea, unaongeza kipimo."

"Sivyo. Aliyezoea, ukimwongezea anapata nafuu. Huyu ukimwongezea anazidi kuumia. Na aliyezoea anaumia pale pale alipoumia. Nyonga ya baba yako imepona, usoni kumepatwa na nini?"

"Dawa ile tuliisafisha, Pazi."

"Mliisafisha ulevi, na mlifanya kazi nzuri. Hili hamkulitafuta."

"Mbona chombo hakikuliona?"

Hakusubiri jibu. Alirudi chumbani, akasimama mbele ya kioo, akairudisha mistari nyuma, wiki baada ya wiki. Kinyamazishi kilikuwa kimeliona. Kila tone lilifuatwa na mteremko mfupi, kisha mlima mrefu kuliko uliotangulia. Tone, mteremko, mlima. Mwili ulikuwa ukilia kwa sababu ya dawa, na mashine ilikuwa ikiupa kile kile kilichoufanya ulie. Mwili haukudanganya hata mara moja. Ila haukuwa na njia ya kusema ni nini kinachouumiza, na mwenye mdomo wa kusema hakuulizwa. Nyamizi aliona aibu, aibu nzito iliyomfanya atamani kukaa chini. Akakaa.

"Tukikizima sasa hivi?" aliuliza.

"Ghafla hapana, ataharibika. Tunashusha kidogo kidogo. Nitampa dawa nyingine zisizo za ukoo huu, zitamsaidia, lakini usizitegemee sana. Mwanzoni ataumia kuliko hivi unavyomwona. Halafu mishipa itatulia. Kwa wengi hutulia."

"Kwa wengi."

"Siwezi kukudanganya. Lakini kesho kikipanda daraja, hatutakuwa na muda wa kujua."

Ilibaki kumuuliza mwenyewe. Nyamizi alisimama kando ya kitanda, akafungua mdomo, akaona hajui aanzie wapi. Tangu azaliwe hajawahi kumuuliza baba yake swali ambalo jibu lake si salama. Alimgeukia Pazi kwa macho.

Pazi aliinama. "Wewe mzee, tunataka kukupunguzia dawa. Utalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na mimi nitakuja na ndugu zangu wote kutoka Kisarawe kukutazama. Unakubali au unaogopa?"

"Mwambie apunguze," alisema Mzee Kapela akiwa amefumba macho. "Na nikilia msinisikilize."

Kinyamazishi hakikumkubali daktari, lakini kilimkubali aliyekiunda. Nyamizi alikifungua kwa alama ya jicho lake, akashusha kipimo hatua moja, na papo hapo taa ya kitanda ikawa nyekundu. Roboti mbili zikaingia na sindano. Alizitoa. Zikarudi. Ziliundwa hivyo, zisikie mwili unalia zikimbilie kuutuliza, na karakana yake ndiyo iliyozifundisha. Mwishowe alizifungia nje, zikasimama mlangoni zikisubiri. Roboti zile zilijua kutuliza tu. Kukaa na mtu anayeumia hazikujua, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itahitajika.

Basi akakaa yeye. Pazi alimpokea alipoweza, Nyamizi akaenda kulala saa chache kwenye benchi la ukumbini, akarudi. Siku zilifanana. Mzee alitoka jasho, akatetemeka, akatapika, akauma meno. Hakushikika. Mtoto anayemuuguza baba yake hushika mkono, hupangusa uso, hugeuza mto, na hayo yote yalikuwa ni kumtesa. Nyamizi alikaa mikono ikiwa mapajani, haina kazi. Kila kipimo kiliposhuka hatua moja, kilio kilipanda, na kila kilipopanda aliitazama ile alama kwenye kioo ambayo angeigusa kwa kidole na chumba chote kikanyamaza.

Siku moja adhuhuri, joto likiwa limebana na feni imezimwa, mzee alimwita kwa sauti iliyo sawa kabisa.

"Nyamizi."

"Abee, baba."

"Rudisha."

"Bado kidogo, baba. Vumilia."

"Mimi ni baba yako. Nakwambia rudisha."

"Ulisema ukilia tusikusikilize."

"Yule aliyesema hakuwa anaumia kama mimi."

Nyamizi alitazama sakafuni.

"Nimekulea," alisema mzee. "Nimekusomesha kwa mikono hii iliyoungua. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Gusa hicho kioo."

"Baba, siwezi."

"Unaweza. Hutaki." Alivuta hewa, na maneno yaliyofuata aliyasema polepole, asije akaambiwa baadaye kwamba hakusikika. "Usipogusa, radhi yangu huna. Umenisikia? Duniani huna na ahera huna."

Nyamizi aliinuka. Huwezi kumweleza mtu asiyejua radhi ni nini uzito wa kunyimwa. Watu wamevunja ndoa, wamerudi kutoka nchi za mbali, wameacha kazi nzuri, kwa kuogopa nusu ya maneno yale. Alifika kwenye kioo, kidole kikawa karibu. Kilio cha baba yake kilikuwa kweli. Radhi ilikuwa kweli. Na mstari ulikuwa kweli pia, mlima juu ya mlima, na kileleni mwake pumzi zinakatika. Alirudi akakaa. Akalia kwa sauti, bila kujificha, na baba yake akamtazama analia, kisha akageuzia uso ukutani.

Pazi alipokuja jioni aliwaona wote wawili, akakaa. Siku hiyo hakutania.

Hakuna asubuhi iliyotangaza kwamba yamekwisha. Kilio kilipungua, kikarudi, kikapungua zaidi. Pumzi zilianza kufuatana. Siku moja Nyamizi aliamka kwenye kiti akakuta baba yake amejifunika shuka mpaka kifuani, mwenyewe, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri chai.

"Hakuna michembe ya viazi hospitali hii?" aliuliza mzee. "Wananipa uji kama mzazi."

Alipoletewa michembe alitafuna polepole, akajigeuza, akakunja uso.

"Wapi, baba?"

"Nyonga." Akaigusa juu ya shuka kwa kiganja. "Hii ni ya kwangu. Hii naijua, niliipata nilipoanguka. Tutazoeana."

Nyamizi alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni.

"Baba, naomba radhi."

Mzee alimaliza kutafuna kwanza. "Niliyasema yale maneno?"

"Uliyasema."

"Pazi ataniambia ilikuwa dawa inasema. Usikubali. Nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekusudia. Ungenipa kisu siku ile ningekuchoma." Alinyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha binti yake, mkono mzima na uzito wake. "Radhi unayo. Inuka, sakafu ya baridi hiyo."

Nyamizi hakuinuka mara moja.

"Na wale wa kule chini?" aliuliza mzee. "Wana mtu wa kumtukana?"

Lilikuwa swali ambalo Nyamizi alikuwa akilikwepa. Yeye na Pazi walikuwa wameshapitia vioo vya kumbi zote. Waliopachikwa kinyamazishi karibuni, kwa kidonda kibichi, hawakuwa na tatizo, chombo kiliwafanyia kazi yake kwa haki. Lakini wale wa muda mrefu, wa migongo na wa mifupa, wengi wao mistari yao ilikuwa ni tone, mteremko, mlima. Uongozi wa hospitali ulisikiliza, kisha ukakubali. Ziara za wageni zilisimamishwa. Vipimo vishushwe, walisema, kila mgonjwa kwa ridhaa yake. Halafu wakauliza ni roboti ngapi zitahitajika, na Nyamizi akawaambia hakuna.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kila kitanda kilihitaji mtu, mtu wa kukaa, kusikia akiombwa, kukataa, kulaaniwa na kubaki pale pale. Tabora ilikuwa mji wa waliokuja kutafuta kazi viwandani, ndugu zao wako mikoa mingine, na kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kumuuguza mtu kwa sababu kinyamazishi kiliuguza. Watu walisahau namna. Waliokuja kukaa, wengine waliondoka siku ya pili wakiwa wameziba masikio, na hakuna aliyewalaumu. Wenzake wa karakanani walipendekeza iundwe roboti ya kukaa na mgonjwa, isiyotuliza, inayosikiliza tu. Nyamizi aliwaambia waendelee. Hakuwa na nguvu ya kubishana nao.

Yeye mwenyewe alishuka ukumbi wa chini, kwenye kitanda cha Bi. Tausi, aliyekuwa mpishi katika kantini ya kiwanda, mwenye mgongo mbovu, asiye na mume wala mtoto. Alikuwa ameulizwa na Pazi, akakubali mwenyewe kupunguziwa. Hakuwa akimjua Nyamizi ni nani, na Nyamizi alimwambia siku ya kwanza kabisa: chombo kilichomo mwilini mwako nilikiunda mimi. Bi. Tausi alimjibu kwa upole, asante, mwanangu, Mungu akubariki.

Baraka zile zilidumu kwa hatua mbili za kipimo. Hatua ya tatu ilipoanza, Bi. Tausi alimtukana. Alimtukana yeye na karakana yake, akamtukana mama yake aliyekwisha kufa na tumbo lililombeba, akamwambia azae wasiomjua, azeeke bila wa kumpa maji. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita foleni ya watu wenye njaa, na ukumbi mzima ulisikia. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuna neno alilolikwepa, na kila lililomfikia lilimuuma.

Bi. Tausi aliishiwa pumzi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu uso wake haukugusika.

"Unanitazama nini?" alisema. "Rudisha dawa, au ondoka."

"Dawa sirudishi, mama."

Mama yule alihema. Alitazama kushoto na kulia kwake, vitanda na roboti zilizosimamishwa ukutani, kisha akamtazama tena.

"Basi usiondoke," alisema.

"Siondoki," alisema Nyamizi. Alivuta kiti karibu, kwa uangalifu, kisije kikagusa kitanda.